Mwanga Ambao Haukumgusa Lugano

Iyunga, Mbeya
Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Gwamaka,

Umekwenda mjini kuaga rafiki zako, na kwa jinsi ninavyokujua utaaga mpaka giza liingie, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Mama yako yuko kanisani na akina mama wenzake. Mizigo yenu imefungwa tangu jana, na kwa kuwa ameifunga yeye, mkifika Iringa mtahitaji panga kuifungua.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za chakula. Baridi ya Iringa na ya huku ni ndugu, na mtu aliyekwisha kuoa kama hajui kuvaa sweta barua haitamsaidia. Nina jambo moja tu la kukuambia, nalo nimelificha mwaka mzima na zaidi.

Linahusu mke wako na ile picha ya kifua chake. Wewe unajua kwamba picha ilichelewa siku nane kwa sababu dawa ya kusafishia filamu ilikuwa imekwisha pale hospitali. Si kweli, Gwamaka. Dawa ilikuwepo, pipa lilikuwa limejaa. Picha ilichelewa kwa sababu yangu mimi baba yako.

Basi nimekwisha kuandika, na mkono umetulia kuliko nilivyodhani.

Nikupe kwanza lililo jema, ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa vizuri. Ijumaa nimesafisha picha ya mwisho ya mke wako Lugano kwa mikono yangu. Mapafu yote mawili ni meusi, safi, toka juu mpaka chini, na weusi katika picha hizi ndio uzima, kama utakavyofundishwa huko. Daktari aliiweka kwenye sanduku la taa, akaitazama, akaitoa, akairudisha tena, akasema, "Huyu amepona. Aende na mumewe." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma nikacheka peke yangu kama mtu aliyekunywa pombe. Manesi wakanipita, mmoja akaniuliza kama nimepatwa na nini. Nilikuwa nimepatwa na furaha, hakuna kingine. Mpaka leo nikiamka asubuhi nakumbuka, nacheka tena, mama yako anasema nimezeeka vibaya.

Sasa turudi nyuma.

Unakwenda kujifunza kazi ya eksirei kwa vitabu na kwa walimu. Mimi nilijifunza kwa kuharibu. Nilipewa chumba cha giza baada ya vita, kwa sababu nilikuwa najua kusoma na sikuwa mwoga wa giza. Kazi yangu ilikuwa kupokea filamu kupitia kidirisha, kuizamisha kwenye dawa ya kwanza, kuisuuza, kuizamisha kwenye dawa ya kukazia, na kuianika. Aliyekuwa akipiga zile picha, na anapiga hata leo, ni Bwana Kanti, yule Mhindu mwembamba ambaye ndugu zake wana duka la vitambaa Iringa. Nilimtumikia, nikamwogopa, baadaye tukawa marafiki.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa Iringa na lori kuchukua maboksi ya filamu. Niliambiwa nisiyafungue. Hawakuniambia kwa nini, na mimi ni mtu wa Tukuyu, nikiambiwa nisifungue kitu nafikiri naibiwa. Tulipofika Makambako dereva akaenda kula, mimi nikashusha maboksi, nikayafungua juani mchana kweupe, nikapitisha kidole filamu moja moja. Zilitimia. Nikayafunga vizuri na kurudi Mbeya kifua mbele. Bwana Kanti alipoanza kuzitumia, kila picha ilitoka nyeusi tii. Hapakuwa na kifua wala mwenye kifua.

"Baba Gwamaka," akaniuliza, "ulifungua?"

"Nilifungua kidogo tu, nihakikishe zimo."

"Zilikuwemo," akasema, "mpaka ulipohakikisha."

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa akaanza kunieleza, na tangu siku ile hakuacha. Nilimwuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Mle ndani tuna taa nyekundu inayowaka muda wote tunapofanya kazi, na filamu hazidhuriki. Lakini ukifungua mlango kidogo, mwanga wa nje ukaingia kama uzi, filamu imekwisha. Kwa nini mwanga mmoja usamehe na mwingine usisamehe?

Alisema mwanga hauji kwa kumiminika kama maji. Unakuja kwa punje. Kila punje inaitwa fotoni, na kila punje inafanya kazi peke yake. Akanipa mfano wa kriketi, mchezo ambao sijauona, kwa hiyo nilijitengenezea wangu. Fikiria mahindi ya mbegu yaliyotundikwa darini juu ya moto. Walete watoto wadogo mia, waruke. Hakuna hata mmoja atakayegusa hindi, na kuwa kwao mia hakuwasaidii, kwa sababu kila mmoja anaruka kwa miguu yake. Sasa aje mtu mzima mmoja. Atanyoosha mkono, atalichukua, ataondoka. Punje za mwanga mwekundu ni wale watoto. Za buluu ni watu wazima. Na za eksirei ni majitu yanayong'oa hindi na paa. Bwana Kanti alipenda mfano wangu kuliko wake, ingawa hakukiri.

Siku nyingine akaniambia punje hizi zote ni ukoo mmoja. Joto unalolisikia usoni ukikaribia makaa, nyekundu, kijani, buluu, ule mwanga usioonekana wa jua unaochubua ngozi za Wazungu, eksirei yetu, hata kile kinachobeba sauti hewani mpaka kwenye redio ya duka la Iyunga, yote ni mawimbi ya umeme na sumaku. Yote yanakwenda kwa mwendo mmoja. Kinachoyatofautisha ni urefu wa wimbi na nguvu ya punje: wimbi likiwa fupi, punje inakuwa na nguvu zaidi. Nikamwuliza, sasa ni wimbi au ni punje? Akasema ni yote mawili. Nikamwambia achague. Akasema wenye akili kuliko yeye wamekataa kuchagua.

Unakumbuka jinsi nilivyojivuna? Nilikwenda kwa jirani yetu, fundi seremala, nikamwambia redio ni mwanga. Akaniambia, "Basi leo zima taa, uwashe redio, tuone kama utafika chooni." Mtaa mzima ulinicheka wiki nzima. Mimi sikujali, nilikuwa nimeelimika. Hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Huko Iringa Wahehe watakuuliza kwa nini mke wako anajificha akimwona baba mkwe, na wewe usiwajibu kwa aibu. Waambie kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akinikuta njiani anaingia majanini, ananipa mgongo. Haniiti, simwiti. Hatupeani kitu mkononi. Wazee wetu kule Tukuyu waliona ni afadhali vijana wajenge kijiji chao mbali na baba zao kuliko mkamwana apitishwe mbele ya mkwe kila siku. Mchungaji alikwisha kutuambia kwamba tumebatizwa na tunaweza kusalimiana kama watu, lakini mimi niliushika mwiko huu kwa sababu baba yangu aliushika, na kwa sababu ulikuwa heshima yangu kwako. Hapa Iyunga nyumba zimebanana, ndiyo maana nilijenga uzio ule wa mianzi kati yetu na ninyi. Nikitaka kutoka nilikuwa nakohoa mara mbili, ili Lugano ajue ajifiche. Na yeye akitaka kupita upande wa huku alikohoa, ili mimi nigeuke.

Hapa niandike polepole.

Ulipokwenda Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukamwacha kwetu, nilianza kumsikia anakohoa zaidi. Asubuhi anakohoa, jioni anakohoa. Nikafikiri ananijulisha kwamba anapita. Kila akikohoa nilikuwa nageukia ukuta, hata nikiwa nakula. Nikamwambia mama yako, "Mkamwana wetu ana adabu kweli. Hachoki kukohoa." Nilimsifu, Gwamaka. Miezi miwili nilisikia kifua kikuu kikibisha hodi nyuma ya mianzi, nikakiita adabu.

Mama yako ndiye aliyeshtuka. Aliona nguo zinampwaya, akamshika mkono akampeleka hospitali. Mimi nilikuwa ndani ya chumba changu cha giza, na nesi aliponiambia kupitia kidirisha kwamba mgonjwa wa mwisho siku ile ni mke wa mwanangu, nilifunga mlango kwa komeo. Bwana Kanti alipiga picha, akaniletea kaseti, lile sanduku bapa lisilopitisha mwanga, na filamu ndani yake, akasema, "Hii safisha leo leo, daktari anaingoja." Kisha akaondoka kwenda Iringa kwenye harusi ya dada yake. Mashine ikafungwa mpaka arudi.

Nikabaki na kaseti mkononi.

Kabla sijafundishwa, nilikuwa naamini eksirei ni umeme unaochora mifupa, na kuchora si kuona. Kama ingekuwa miaka ile ya ujinga wangu, ningeisafisha filamu ile huku napiga mluzi. Lakini sasa nilijua. Eksirei ni mwanga, wa ukoo mmoja na mwanga wa dirishani, na kinachotazamwa kwa mwanga kimeonekana. Tena huu ni mwanga unaopita nguo na ngozi. Mimi nisiyeruhusiwa kuona uso wa mke wako, nitazame mpaka mbavu zake? Niliiweka kaseti juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa, nikaenda kumwambia daktari kwamba dawa imekwisha na nyingine inangojwa.

Siku ya pili niliingia, nikaitazama kaseti, nikatoka. Siku ya tatu vilevile. Nilijiambia namheshimu mwanangu. Lakini kulikuwa na jambo jingine chini yake, nalo ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote. Niliogopa kile kitakachokuwa mle ndani. Nimesafisha vifua vingi, najua kifua kibaya kinavyofanana. Maadamu filamu iko ndani ya kaseti, Lugano alikuwa bado mzima. Mwiko ulikuwa wa kweli, lakini siku zile niliutumia kama mlango wa kujifungia.

Siku ya sita alitema damu. Mama yako alikuja mbio akiwa na kitambaa chenye damu mkononi.

"Baba Gwamaka! Mtoto anatema damu! Hiyo picha iko wapi?"

"Dawa haijafika."

"Dawa gani hiyo? Inatoka Ulaya kwa miguu?"

Hapo ndipo ningeamka. Damu ilikuwa mbele yangu, mwiko haukuwa na nguvu tena, haki ya Mungu ningeivunja kaseti ile kwa meno. Lakini nilikuwa nimekwisha kumdanganya daktari. Nikiisafisha sasa, ataniuliza dawa imetoka wapi. Kwa hiyo siku mbili za mwisho, mwanangu, hazikuwa za mila wala za hofu. Zilikuwa za kulinda uongo wangu tu. Zile sita naweza kumweleza mtu. Hizi mbili sina la kusema.

Siku ya nane Bwana Kanti alirudi na boksi la peremende za harusi. Aliingia chumba cha giza, akaona kitambaa, akakifunua.

"Hii si ya mkwe wako?"

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akawasha taa nyekundu, akaanza kusafisha yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimegeukia ukuta.

"Geuka, Baba Gwamaka. Mimi macho yangu mabovu kwa taa hii, wewe ndiye unajua."

"Siwezi. Ni mkamwana wangu. Na wewe ndiye uliyeniambia huu ni mwanga."

Nilingoja anicheke, na kama angecheka nafikiri ningetoka mle nisirudi tena. Lakini alisema, "Mama yangu alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake miaka ishirini. Mpaka mzee amekufa, hajamwona pua. Mimi najua unasema nini." Nikasikia anainua filamu kutoka kwenye dawa, matone yanadondoka. "Sasa sikiza. Punje zilizomgusa yeye zimebaki kwake. Mfupa umezizuia, nyama imezizuia, hazikufika hapa. Zilizofika hapa ni zile zilizopita bila kugusa kitu. Hii nyeusi yote unayoiogopa ni mwanga ambao haukumgusa. Humtazami yeye. Unatazama kilichomkosa."

Niligeuka.

Pafu la kulia, juu, lilikuwa na mawingu meupe. Hata la kushoto lilikuwa limeanza. Sikuhitaji daktari kuniambia. Niliishika fremu, nikaikazia, nikaisuuza, nikaibeba ikiwa inadondosha maji mpaka kwa daktari, wala sikukumbuka kusema uongo wowote njiani.

Usifikiri Bwana Kanti aliniachia. Niliporudi alikuwa anafunga mapipa. "Umeridhika na maelezo yangu?" akauliza. Nikamwambia nimeridhika. "Mimi sijaridhika," akasema. "Nimekupa pa kutokea kwa sababu muda ulikuwa hakuna. Lakini hata kama mwanga wote ungekuwa umemgusa, ulipaswa kutazama."

Mengine unayajua. Unajua sindano za kila siku, wodi ya kifua kule nyuma, mama yako akipeleka uji na kuuacha mlangoni. Unajua ulivyofika kutoka Ubaruku na vumbi la pumba kwenye nywele, ukakuta nimesimama nje ya wodi. Ulinishika mikono miwili ukasema, "Ndaga fijo, tata. Bila wewe kuwa kwenye kazi hii angekufa." Ulinishukuru mbele ya watu. Kuna usiku nilioamka nikasikia shukrani yako, nikatamani ungekuwa umenipiga kofi.

Kwa nini nakuambia leo, wakati amepona na hakuna anayeuliza? Kwa sababu kesho unakwenda kusimama mahali nilipokuwa nimesimama. Kila filamu itakayopita mikononi mwako ni ya mkamwana wa mtu. Wewe huna mkwe Iringa, lakini utakuwa na jambo lako jingine, silijui, nawe hulijui, litakaa juu ya kabati na utalifunika kwa kitambaa kizuri. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba siku ya kwanza lilikuwa jepesi, na kila siku niliyoliacha liliongezeka uzito, mpaka alipokuja mtu mwingine kulifunua.

Na ile mashine iheshimu. Wenzako watakucheka ukikimbilia nyuma ya ukuta wa madini ya risasi kila mara. Waache wacheke. Zile punje kubwa hazihitaji kuwa nyingi, kila moja inaruka kwa miguu yake, na inaweza kukuharibu bila kukuuma. Hilo ni agizo, nisamehe, nilisema nina jambo moja tu.

Hapa nilikuwa niweke jina langu.

Lakini nimekaa na kalamu hewani kwa sababu namsikia Lugano upande wa pili wa uzio. Anafua nguo za mwisho, anaimba kidogo kidogo, na wala hakohoi. Na nimeona ujanja wangu. Nakuambia wewe kwa karatasi, ukiwa mbali, na yeye ambaye siku nane zilikuwa za kifua chake simwambii kitu. Hii nayo ni kaseti nyingine. Ngoja nikafanye jambo.

*

Saa kumi na moja na nusu. Nimerudi.

Nilikwenda mpaka kwenye uzio. Nikakohoa mara mbili, kwa mazoea. Nikasikia maji yananyamaza kwenye beseni. Anajificha, nikawaza, kama kawaida. Nikasema, "Lugano." Sijawahi kulitamka jina lake akiwa anasikia. Nikaiambia mianzi yote niliyokuandikia, bila kupunguza, hata zile siku mbili.

"Nilijua, Baba," akasema.

Sauti yake ni nene kuliko nilivyofikiri.

"Nani alikuambia?"

"Nesi. Aliniambia dawa ipo, picha yako iko kwa mkweo, hajaigusa."

"Sasa mbona hukusema? Hata kwa Gwamaka?"

"Ningesemaje? Na mimi nina langu." Nikasikia anakamua nguo ambayo nina hakika ilikuwa imekwisha kukamuliwa. "Kifua kilinianza zamani, Baba. Kabla Mama hajaona. Nilijua ni kibaya. Lakini nilijua na picha inapita kwa nani. Nikasema, baba mkwe anione mpaka ndani ya mbavu? Afadhali nife. Ndiyo nikawa nakohoa ukiwa karibu tu, uone ni adabu, nyingine nazizuia, nikakificha kifua humo. Nikakusikia unanisifu kwa Mama. Nikaona aibu zaidi, nikaendelea."

Gwamaka, nilishika mianzi kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nageukia ukuta na yeye alikuwa amegeukia ukuta, na kifua kikuu kilikuwa kinapita katikati yetu kama mwenye nyumba.

"Miezi miwili yangu na siku nane zako," akasema. "Tusipime, Baba."

Kisha akacheka. Alicheka kwa nguvu, mpaka nikaogopa atakohoa, na hakukohoa. Nami nikaanza kucheka, mtu mzima na mvi zangu, nimeshikilia uzio nilioujenga mwenyewe. Hapo akasema, "Nakuja huko," na kabla sijapata pa kukimbilia akazunguka mwisho wa uzio, mikono ina povu, akasimama mbele yangu juani.

Nilikwisha kuona mbavu zake zote, mwanangu. Moyo wake nimeuona mara nne, na najua kwamba umelala kidogo upande kuliko mioyo mingi. Lakini sikujua ana mwanya. Ana mwanya mkubwa wa mbele, na jicho moja linafumba kabla ya jingine akicheka. Mwanga uliofika kwangu leo ulikuwa umemgusa kweli, na sikufa, wala yeye hakufa. Tulisalimiana. Akaniuliza habari za mchana, nikamwambia nzuri, kama watu.

Kisha akaninong'oneza jambo. Hajakuambia la kwake. Miezi ile miwili anaogopa kukuambia kuliko alivyoiogopa sindano, kwa sababu wewe ulikuwa ukimwuliza katika kila barua kama ni mzima, naye alikuwa akikujibu ni mzima. Akaniomba niliandike hapa, liende pamoja na langu. Nimeandika. Barua hii nitampa yeye, mkononi, na yeye atakupa basi likishapita Igawa, ili kama utataka kurudi kunigombeza, njia iwe ndefu.

Una haki ya kukasirika. Kwangu mimi kasirika kadiri upendavyo, nitangoja barua yako hata kama itachelewa. Ila yeye usimngojeshe. Kwa jinsi ninavyoanza kumjua, sasa hivi yuko pembeni yako, anajifanya anatazama nje ya dirisha.

Baba yako